Namna ya kujiandaa na masomo ya mwaka wa kwanza ya shahada ya usimamizi wa biashara: mwongozo kwa vijana wa Tanga

Tangu mwezi Mei, mtihani wa kidato cha sita unapomalizika, hadi Oktoba au Novemba, vyuo vikuu vinapofunguliwa, kijana wa Tanga aliyeomba shahada ya usimamizi wa biashara huwa na miezi kama mitano ambayo hana vipindi vya darasani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kutumia sehemu ndogo ya miezi hiyo, tuseme saa moja na nusu kwa siku, kuyazoea masomo atakayoyakuta: uhasibu, uchumi, hesabu na takwimu, sheria ya biashara, misingi ya menejimenti, pamoja na stadi za mawasiliano na kompyuta. Majina ya masomo hayo hutofautiana kidogo kutoka chuo kimoja hadi kingine, na vipo vyuo vinavyotanguliza masoko mahali pa sheria, lakini kiini hakibadiliki, uende Mlimani, Mzumbe au kwingineko.

Pendekezo langu ni moja, na mengine yote yanatokana nalo: kabla hujafungua kitabu chochote, chagua biashara moja ndogo unayoweza kuiona kila siku, ya mtu atakayekuvumilia kwa maswali, kisha uifanye hiyo kuwa daftari lako la mazoezi kwa kila somo. Inaweza kuwa genge la Ngamiani, fundi baiskeli wa Chumbageni au muuza samaki. Mimi nilichagua kibanda cha maziwa cha mama mdogo wangu pale Makorora, ila niliamua hivyo nikiwa nimechelewa, baada ya kufeli jaribio langu la kwanza la uhasibu. Nilikuwa nimekariri kanuni zote kwa ufasaha bila kuwahi kuona hata moja ikifanya kazi.

Anza kwa kuhesabu saa zako

Vyuo vikuu vya Tanzania hupima uzito wa somo kwa krediti, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo mihadhara, semina, mazoezi na kujisomea. Mwaka mmoja wa shahada una krediti 120, kwa hiyo muhula mmoja una 60, yaani saa 600; ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki. Somo lenye krediti 12 linakudai saa 8 kwa wiki, ilhali ratiba ya mihadhara na semina inaweza kuonyesha 3 au 4 tu. Saa zilizobaki hakuna atakayekukumbusha. Nimeona wanafunzi wengi wenye akili nzuri wakifika kwenye mtihani wa marudio, ule ambao wenyewe huuita sapu, kwa sababu waliidhania ratiba ya ukutani kuwa ndiyo kazi yote.

Ugawe muda wako kwa kufuata tabia ya kila somo, si kwa usawa. Uhasibu na hesabu hufa usipozigusa kwa siku tatu, kwa hiyo zipewe muda mfupi kila siku. Sheria na menejimenti zinaweza kusomwa kwa vipande virefu mara mbili kwa wiki.

Uhasibu, ambao ndio utakaokula muda

Mfumo wa kuandika kila tukio mara mbili ulikuwa ukitumiwa na wafanyabiashara wa Italia kabla ya mtawa Luca Pacioli kuueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Wanafunzi wengi hudhani Pacioli aliuvumbua. Yeye aliuandika tu. Kanuni zenyewe ni chache kuliko kelele zinazozizunguka. Kila akaunti ina upande wa kushoto, unaoitwa debiti, na upande wa kulia, unaoitwa krediti (neno lilelile la hapo juu, kwa maana isiyohusiana nalo kabisa). Mali na gharama huongezeka kushoto; madeni, mtaji na mapato huongezeka kulia. Kila tukio hugusa pande zote mbili kwa kiasi kilekile.

Mkanganyiko wa kwanza hutoka kwenye simu. Benki inapokutumia ujumbe kwamba akaunti yako imewekewa krediti, unafurahi, kwa sababu maana yake fedha zimeingia. Halafu mwalimu anakwambia kwamba fedha zikiingia kwako unaziandika debiti, na hapo wengi hukata tamaa. Hakuna anayekosea kati yao. Ujumbe wa benki umeandikwa kwa macho ya vitabu vya benki, na katika vitabu hivyo fedha zako ni deni ambalo benki inadaiwa nawe. Deni likiongezeka, linaandikwa kulia. Mwanafunzi aliyelielewa jambo hili moja amepita nusu ya njia.

Sasa tukae kibandani. Tuseme mama mdogo ameanza na mtaji wa shilingi 1,500,000 taslimu. Ananunua friza kwa shilingi 900,000. Katika wiki ya kwanza anachukua maziwa ya shilingi 200,000 kutoka kwa mfugaji, analipa 120,000 na kubaki akidaiwa 80,000. Maziwa yote yanauzwa kwa shilingi 290,000. Kati ya hizo 250,000 zimelipwa papo hapo, na 40,000 ni za mama ntilie aliyeandikwa kwenye kauntabuku ya madeni. Mwisho wa wiki anachomoa shilingi 10,000 za kitoweo cha nyumbani. Anafungua kopo la fedha, anakuta shilingi 720,000, na kuniuliza swali ambalo sitalisahau: "Mwanangu, hiyo faida unayoisema iko wapi? Mimi naona kopo limepungua nusu."

Jibu lake ndilo somo lenyewe. Andika upande mmoja alivyo navyo: taslimu 720,000, friza 900,000, na 40,000 anazomdai mama ntilie, jumla 1,660,000. Andika upande wa pili vilikotoka: 80,000 za mfugaji, na 1,580,000 zilizo zake mwenyewe, yaani mtaji wa 1,500,000, ukaongezwa faida ya 90,000, ukapunguzwa 10,000 za kitoweo. Jumla ni 1,660,000 ileile. Faida ipo, ila imelala ndani ya friza na ndani ya daftari la madeni. Kitoweo nacho si gharama ya biashara; ni fedha ambazo mwenye mali amejichukulia, na mtahini hupenda sana kuzichanganya na gharama ili aone nani atateleza.

Ukishamaliza hapo, rudia hesabu ileile ukiongeza uchakavu. Kama friza itatumika miaka 5 na mwishoni haitakuwa na thamani, inapoteza shilingi 180,000 kwa mwaka, au 15,000 kwa mwezi, na kiasi hicho lazima kiondolewe kwenye faida hata kama hakuna shilingi iliyotoka mfukoni mwezi huo. Ongeza umeme uliotumika bila kulipiwa bado. Ongeza kodi ya kibanda iliyolipwa miezi sita mbele. Kila nyongeza ni mada nzima katika mtaala wa muhula wa kwanza, na utaikuta darasani ukiwa umeshaizoea.

Jaribio nililofeli nalilieleza kwa faida ya wengine. Urari wangu, yaani orodha ya akaunti zote na jumla za debiti na krediti, ulilingana kushoto na kulia hadi shilingi ya mwisho, nikatoka chumbani nikitabasamu. Kumbe nilikuwa nimeiandika mashine ya kudumu kama bidhaa iliyonunuliwa ili iuzwe. Pande mbili zililingana kwa sababu kosa lilikuwa ndani ya debiti zenyewe kwa zenyewe. Urari haugundui kosa la namna hiyo, wala tukio lililosahauliwa kabisa, wala makosa mawili yanayofutana. Unathibitisha tu kwamba debiti na krediti zina jumla moja. Usipolingana, ipo hila ya zamani ya wahasibu: gawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubakisha, huenda umepindua tarakimu mbili, kama vile kuandika 54,000 mahali pa 45,000.

Uchumi: tazama bahari na mashamba

Somo hili lina sehemu mbili, uchumi wa mnunuzi na muuzaji mmoja mmoja, na uchumi wa nchi nzima. Sehemu ya kwanza ndiyo inayokuja mapema, na kosa kubwa humo ni kushindwa kutofautisha kusogea juu ya mstari (ule wa mahitaji au wa ugavi, unaoonyesha kiasi kinachonunuliwa au kinachouzwa kwa kila bei) na kuhama kwa mstari wenyewe. Tanga inafaa sana kwa zoezi hili. Kusi kikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo haviendi mbali, na bei ya samaki pale sokoni Deep Sea hupanda. Je, mahitaji yamebadilika? Hayajabadilika. Hamu ya watu na kipato chao ni vilevile. Kilichohama ni mstari wa ugavi, umekwenda kushoto, na wanunuzi wamesogea juu ya mstari wao uleule, wakinunua kidogo zaidi kwa bei kubwa zaidi. Lakini unapokaribia mwezi wa Ramadhani na bei ya nazi na magimbi ikapanda, mahitaji ndiyo yaliyohama kwenda kulia, kwa sababu kila nyumba inapika futari. Bei imepanda mara zote mbili kwa sababu mbili tofauti, na kiasi kinachouzwa kinakwenda pande mbili tofauti. Chora michoro hiyo miwili kwa mkono wako, siyo mara moja, mpaka usihitaji kufikiri.

Machungwa ya Muheza yatakufundisha jambo la tatu. Msimu unapokolea na magari yote yanapakia kwa wakati mmoja, mkulima anayevuna zaidi anaweza kupata fedha pungufu kuliko mwaka wa mavuno haba, kwa kuwa bei hushuka haraka kuliko kiasi kinavyoongezeka, na chungwa lililoiva halisubiri. Ukiweza kueleza kwa nini jambo hilo halimpati kwa ukali uleule mwenye kiwanda cha saruji, ambaye anaweza kupunguza uzalishaji na kuhifadhi mifuko ghalani kwa muda, umeanza kufikiri kama mwanauchumi.

Kisha upo mkonge, ambao nadhani ni mfano bora kuliko mingi iliyomo katika vitabu vya kigeni. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893; katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyonusurika na kupandwa karibu na Pangani. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Halafu zikaja kamba za nyuzi za plastiki zilizotengenezwa kwa mafuta ya petroli, bei ikaporomoka, na uzalishaji ukafuata. Wapo wanaolaumu utaifishaji wa mwaka 1967 peke yake, na uongozi wa mashamba ulichangia kweli. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapaswa kuanza na swali la bidhaa mbadala: mnunuzi alikuwa na kitu gani kingine cha kufungia mizigo yake, na kwa bei gani?

Kwa uchumi wa nchi nzima, jizoeze kusoma matangazo mawili. La kwanza ni la Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuhusu mfumuko wa bei, linalotoka kila mwezi. La pili ni la Benki Kuu, ambayo tangu Januari 2024 huendesha sera ya fedha kwa kutangaza riba yake. Ilianza na asilimia 5.5, ikapandisha hadi asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huohuo. Baada ya kulisoma, jiulize ni kwa njia gani riba hiyo ingeweza kumfikia mtu anayetaka mkopo wa friza ya pili.

Hesabu na takwimu

Waliosoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati) wasilale, na waliosoma HGE (historia, jiografia na uchumi) wasitishike. Sehemu kubwa ya somo hili ni asilimia, uwiano, milinganyo, matriki, kutofautisha (kwa Kiingereza differentiation) ili kupata faida kubwa kabisa, pamoja na wastani na uwezekano. Kinachowaangusha watu mara nyingi ni asilimia.

Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa mwaka mmoja, ambao mkopeshaji anasema riba yake ni asilimia 10 tu. Riba ni 120,000, jumla ya deni 1,320,000, na marejesho ni 110,000 kila mwezi. Inaonekana sawa. Lakini mkopaji hakai na shilingi 1,200,000 mwaka mzima. Kila mwezi anarudisha 100,000 za mkopo wenyewe, kwa hiyo mwezi wa kwanza ana 1,200,000, wa pili 1,100,000, hadi mwezi wa mwisho anapokuwa na 100,000 tu. Wastani wa fedha alizokaa nazo ni 650,000. Gawanya 120,000 kwa 650,000, utapata karibu asilimia 18 na nusu. Nilipomwonyesha mama mdogo hesabu hiyo alinyamaza, kisha akaenda kulitoa daftari la kikoba chake ili nimpigie na ile.

Kwa takwimu, rekodi mauzo ya kibanda chako kwa siku 30. Tafuta wastani, kisha yapange mauzo hayo kutoka dogo hadi kubwa na uangalie thamani iliyo katikati. Siku moja ya harusi iliyouza mara tano ya kawaida itauvuta wastani juu bila kuigusa sana ile thamani ya katikati, na utajua kwa nini wahadhiri hudai zote mbili.

Sheria ya biashara

Usianze na kukariri majina ya kesi. Anza na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo misingi yake ilitokana na sheria ya India ya mwaka 1872, na usome kifungu cha 10 polepole: makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari ya watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Kisha jaribu kila neno la kifungu hicho kwenye kibanda. Mteja amepiga simu akaagiza lita 20 za mtindi za Jumamosi, bei mkakubaliana. Mkataba upo, hata bila karatasi, ingawa kuuthibitisha itakuwa kazi. Aliyeagiza ana miaka 17, sasa je? Karatasi ya bei iliyobandikwa kwenye friza si ahadi ya kumuuzia kila apitaye, bali ni mwaliko tu. Mnunuzi ndiye anayetoa ombi, na muuzaji hulikubali au hulikataa.

Kwa upande wa kampuni, kesi moja ndiyo mlango: ya Salomon, mtengenezaji viatu wa London, iliyomo katika ripoti za mwaka 1897, ambamo mahakama ilisema kampuni ni mtu tofauti kabisa na mwenye hisa zake, hata kama karibu hisa zote ni za mtu mmoja. Linganisha na mama mdogo, ambaye hata akisajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, bado yeye na kibanda ni kitu kimoja. Mfugaji asipolipwa anaweza kudai hadi kwenye mali zake za nyumbani. Kusajili jina na kuanzisha kampuni ni mambo mawili, na hata wafanyabiashara wazoefu huyachanganya.

Misingi ya menejimenti, na yaliyobaki

Menejimenti husomeka kirahisi na hufeliwa kirahisi, kwa sababu mwanafunzi huyaona maneno yake kuwa ya kawaida. Utakutana na Frederick Taylor wa Marekani, aliyechapisha mawazo yake mwaka 1911 akipima kazi ya kila mtu kwa saa; na Henri Fayol wa Ufaransa, mhandisi wa migodi, ambaye mwaka 1916 alizitaja kazi tano za meneja: kupanga, kuandaa, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Taylor alimtazama mfanyakazi kutoka chini, Fayol aliitazama taasisi kutoka juu. Ukitaka kuwaona wote wawili mahali pamoja, omba kutembelea shamba la mkonge lenye korona, ile mashine inayosaga majani na kutoa nyuzi. Nyuzi ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na jani likikaa muda mrefu baada ya kukatwa nyuzi huharibika. Ndiyo maana kiwanda kipo shambani na si bandarini, na ndiyo maana ukataji, usafirishaji na usagaji lazima viende kwa mwendo mmoja. Mkataji hupimiwa kazi yake kwa idadi ya mizigo, jambo ambalo Taylor angelitambua mara moja. Kuhakikisha korona haikosi majani wala haizidiwi nayo ni uratibu wa Fayol.

Stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo yasikuondolee usingizi, mradi uhudhurie na uandike kazi zako mwenyewe bila kunakili. Kompyuta ni nyepesi zaidi ukiwa umeshahamisha ile kauntabuku kwenye jedwali la Excel nyumbani.

Jambo la mwisho la kuandaa kabla ya safari ni lugha. Mihadhara na mitihani itakuwa kwa Kiingereza, ilhali kibanda kimezungumza nawe kwa Kiswahili miezi yote hii. Nunua daftari nene, ligawe kila ukurasa kwa mstari wa katikati. Kushoto andika istilahi kama mhadhiri anavyoitamka, kulia andika maelezo yake kwa maneno ambayo ungemweleza mama mdogo, pamoja na mfano mmoja kutoka kibandani. Pale upande wa kulia utakapobaki mtupu, hapo ndipo pa kumfuata mhadhiri ofisini wiki hiyohiyo, kabla mada inayofuata haijajengwa juu yake.